Jiko la Kuni Chache Vijijini Malindi: Anza na Sufuria

Jiko la kuni chache hujengwa kwa kipimo cha sufuria moja. Hilo ndilo linalosahaulika, na ndilo linalofanya jiko zuri liishie kuwa kiota cha kuku kabla masika hayajaingia. Udongo utapatikana, fundi atapatikana, lakini sufuria ikikaa vibaya mpishi atarudi kwenye mafiga matatu, na ana haki.

Maelezo haya ni ya jiko la roketi la udongo, la sufuria moja, lisilo na bomba. Linafaa nyumba za Ganda, Kakuyuni, Jilore, Langobaya, Marafa na kwengineko upande wa bara ambako kuni huokotwa. Seredani ya chuma yenye kauri ndani, iliyoenea mijini Kenya tangu miaka ya 1980, ni ya makaa. Ukiipeleka mahali ambapo watu wanaokota kuni, unawafundisha kununua makaa, na makaa yanatoka kwenye miti ile ile.

Kanuni za jiko la roketi zilipangwa na mhandisi Larry Winiarski huko Oregon, Marekani, miaka ya 1980, nazo ni chache. Kuni ziungue nchani tu. Hewa iingie kwa chini yake. Moto upande kwenye koo, yaani njia nyembamba ndani ya jiko isiyonyonya joto, kisha hewa ya moto ilazimishwe kupita karibu sana na sufuria.

Jambo moja lisemwe wazi mapema ili mtu asidanganywe. Kwa Shirika la Afya Duniani, nishati safi jikoni ni kama gesi, umeme, bayogesi na jua. Jiko hili bado ni la kuni: moshi unapungua, hauishi. Kwa hiyo dirisha na mwanya wa juu ya ukuta ni sehemu ya kazi, kama ulivyo udongo.

Maswali ya jikoni

Ingia jikoni mpishi akiwa anapika. Omba kuonyeshwa sufuria inayopanda motoni mara nyingi zaidi kwa juma. Watu wakiulizwa haraka huleta kubwa kuliko zote, ile ya wageni; siyo hiyo. Jiko likijengwa kwa sufuria ya wageni, ile ya kila siku itaelea ndani yake na joto lote litapita pembeni. Pima upana wake kwa nje, usawa wa tumbo, si mdomoni, kwa kuwa mdomo wa sufuria umekunjwa nje. Pima na kimo chake.

Uliza pia sima inasongwa kwa kukaa au kwa kusimama. Kwenye mafiga sufuria iko chini, mpishi anakaa kwenye kigoda kifupi na kuibana kwa mguu au kwa kijiti. Jiko la roketi haliwezi kuwa fupi hivyo, maana koo likipungua chini ya sentimita 25 moshi haupati nafasi ya kuungua. Mdomo wa sufuria utafika kama sentimita 50 kutoka sakafuni. Basi kabla ya kujenga muwekee mpishi sufuria juu ya mawe kwa kimo hicho, umpe mwiko, asonge. Akisema "mwanangu, hapa mkono haunyooki", seremala atengeneze kigoda cha sentimita 35 hadi 40, au jiko lijengwe juu ya jukwaa apike kwa kusimama. Likiamuliwa baada ya udongo kukauka, limechelewa.

Na ujue jiko ni la nani. Mke aliyeolewa juzi hawezi kubadilisha jiko la mavyaa wake kwa sababu mgeni amesema. Zungumza na mavyaa kwanza, kwa heshima yake, ndipo wengine wafuate.

Hesabu ya mwanya

Koo la duara lenye upana wa sentimita 12 lina eneo la karibu sentimita za mraba 113. Hewa ya moto ikishatoka kooni inahitaji njia yenye eneo hilo hilo mpaka itoke nje. Pale kwenye ukingo wa koo, mwanya kati ya udongo na kitako cha sufuria uwe sentimita 3, yaani robo ya upana wa koo. Ukienda nje mzunguko unakua, kwa hiyo mwanya unapungua. Kwa sufuria ya sentimita 28, mzunguko ni 88. Gawa 113 kwa 88 upate sentimita 1.3. Huo ndio mwanya wa ukingoni mwa kitako, na ndio mwanya wa ubavuni kuzunguka sufuria yote.

Sufuria ya 24 itataka sentimita 1.5. Sufuria ya 34 ingetaka sentimita 1 na kidogo, na hapo ni hatari kwa sababu masizi yakishika kidogo tu njia inaziba. Kwa sufuria kubwa hivyo panua koo lifike 14, na mwanya utarudi kuwa 1.4. Usiruhusu mwanya wowote chini ya sentimita 1. Ukizidi 2, kuni zitaongezeka na mpishi ataona hakuna tofauti na mafiga.

Udongo, na mawe ya kuepuka

Udongo wa kichuguu ndio bora: mchwa wameshausaga. Udongo wa mfinyanzi wa bonde la mto Sabaki pia unafaa. Wa shambani karibu na bahari una mchanga mwingi mno. Kupima, lowesha udongo, ukande, uuviringe uwe kamba ya unene wa kidole, kisha uisukume polepole itokeze nje ya ukingo wa meza. Ikikatika kati ya sentimita 5 na 15, udongo ni mzuri. Ikikatika kabla ya 5, ongeza mfinyanzi. Ikipita 15, ongeza mchanga, la sivyo jiko litapasuka likikauka.

Mchanga usiwe wa ufukweni na maji yasiwe ya kisima cha chumvi. Chumvi hutoka juu ya udongo unapokauka, inafanya ungaunga mweupe, na ngozi ya jiko inabanduka vipande vipande. Tumia mchanga wa mtoni na maji ya mvua, ya mfereji au ya mto.

Mawe ya matumbawe, yale matofali yanayochongwa na kujengewa nyumba kote pwani, yasiwekwe kabisa mahali moto unapogusa. Matumbawe yakichomwa sana hugeuka chokaa; ndivyo chokaa cha nyumba za zamani za Lamu na Malindi kilivyopatikana. Ndani ya jiko jiwe litaanza kuwa jeupe na laini, kisha siku uji utakapomwagika litavimba na kubomoka. Yatumie chini, kwenye msingi tu. Saruji nayo isikaribie moto, inapasuka.

Kwa jiko moja la sufuria ya 28 tayarisha, kwa ndoo za lita 20: udongo ndoo 6, mchanga ndoo 2 (kipimo cha kamba kitakuambia uzidishe au upunguze), nyasi kavu zilizokatwa urefu wa vidole viwili ndoo 2, kinyesi kibichi cha ng'ombe ndoo 1, na unga wa mbao ndoo 1. Unga wa mbao upo kwa maseremala na wachonga vinyago mjini Malindi. Upande wa Lamu, kwa mafundi wa majahazi. Ukiukosa, pumba za mpunga zitafanya kazi.

Toa nusu ndoo ya udongo, uchanganye na unga wote wa mbao. Huo ni mchanganyiko mwepesi wa kuzungukia koo. Unga utaungua polepole na kuacha matundu madogo yenye hewa, na matundu hayo ndiyo yanayozuia joto lisiliwe na ukuta. Udongo uliobaki kanyaga kwa miguu pamoja na mchanga, nyasi na kinyesi mpaka donge likitupwa chini kutoka kimo cha kiuno lisipasuke wala lisitapakae. Funika kwa gunia bichi siku tatu hadi tano. Usiruke kungoja huku, ndiko kunakoufanya udongo unate.

Kujenga

Chimba shimo la kina cha sentimita 10 na upana wa 60, ujaze mawe madogo yaliyoshindiliwa. Mawe yanazuia unyevu wa sakafu kupanda na yanawachelewesha mchwa wasile nyasi zilizo ndani ya udongo. Juu yake tandika udongo wa unene wa sentimita 4, upana wa 55.

Kalibu ya koo ni mgomba. Kata shina la mgomba, bandua maganda mpaka lifike upana wa sentimita 12 sawasawa. Kata vipande viwili: cha kulala cha sentimita 33, kuanzia mdomo wa jiko mpaka nyuma kidogo ya katikati, na cha kusimama juu ya ncha ya kile cha kwanza. Vyote viwili vikiungana, kimo kutoka sakafu ya jiko hadi juu ya koo kiwe sentimita 28. Kichonge cha kusimama kitako chake kishike vizuri kile cha kulala. Kikiyumba koo litakwenda upande na moto utapiga ubavu mmoja wa sufuria.

Zungushia mgomba mchanganyiko mwepesi, unene wa sentimita 5. Nje yake jaza udongo mzito kwa madonge. Piga donge kwa nguvu lishikane na la chini yake, na usipake maji juu ili lilainike. Maji yanafanya ngozi nzuri kwa macho na kuacha ufa ndani. Panda hivyo mpaka usawa wa juu ya koo.

Hapo fanya sakafu ya sufuria. Kutoka ukingo wa koo udongo upande taratibu kwenda nje, sentimita 1.7 kwa jumla, ili mwanya uanzie 3 na uishie 1.3. Weka vinundu vitatu vya udongo vyenye kimo cha sentimita 1.3 karibu na ukingo, hapo ndipo sufuria itakaa. Sasa chukua sufuria yenyewe, uizungushie gunia lililokunjwa mpaka unene wa gunia ufike sentimita 1.3 pande zote, uikalishe juu ya vinundu, kisha jenga ukuta wa udongo kuizunguka, unene wa sentimita 12. Ukuta ufike theluthi mbili ya kimo cha sufuria. Usizidishe, mpishi ahitaji mahali pa kushikia akiipua.

Zungusha sufuria kidogo na kuitoa kabla udongo haujakauka. Ndani ya ukuta bandika mbavu tatu za wima, unene ule ule wa 1.3. Mbavu hizi ndizo zinazoshika sufuria isihame mtu anaposonga sima. Bila mbavu, msongo wa kwanza unaisukuma sufuria upande mmoja, mwanya unafunga huko na kufunguka kwingine.

Baada ya siku tatu au nne, udongo ukishika lakini ukucha bado unaacha alama, toa mgomba. Utakuwa umesinyaa, usipotoka, ukate kwa kisu kipande kwa kipande. Ndani ya mdomo weka gae la chungu lililo bapa, sentimita 20 kwa upana wa mdomo, likae sentimita 4 juu ya sakafu. Kuni hulala juu ya gae, hewa hupita chini yake. Chuma kingefanya kazi hiyo, lakini upepo wa bahari hukila haraka, na gae halina gharama.

Kukausha

Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo miezi mizuri ya kujenga. Ila upepo huo ni mkavu, kwa hiyo juma la kwanza jiko lifunikwe gunia bichi ili likauke polepole. Baadaye liache wazi kivulini juma mbili tena. Nyufa nyembamba hazina neno. Ufa unaoingiza ukucha ukwarue, uloweshe, ujaze udongo uliochanganywa na jivu. Moto wa kwanza uwe wa karara mbili tatu tu, nusu saa, kwa siku tatu mfululizo. Ukikimbilia kuchemsha maharagwe siku ya kwanza, maji yaliyobaki ndani ya udongo yatageuka mvuke na kulipasua.

Moto na chakula

Kuni ziwe zimepasuliwa unene wa dole gumba hadi sentimita 4, zimekauka. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake waweza kuwa maji, na moto utayakausha maji hayo kwanza ndipo uivishe chakula. Mvinje na mwarobaini zinakauka vizuri zikipangwa chini ya paa miezi miwili au mitatu. Weka vipande viwili au vitatu, usukume kadiri vinavyoungua. Mwenye mazoea ya mafiga atajaza mdomo mpaka juu, na hapo moshi utarudi usoni. Kuni zilizookotwa ufukweni zina chumvi, ziache. Maganda ya korosho yasichomwe jikoni kabisa: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na kifua.

Sasa suala la wali wa nazi. Jiko hili linaacha makaa machache, na wali bila kupaliwa makaa juu ya kifuniko si wali. Wanaokuja na majiko kutoka kwengine hawalijui hili, na ndiyo sababu kubwa ya mafiga kurudi. Dawa yake ni vifuu. Maji ya wali yanapokaribia kukauka, tia vifuu vitano au sita vilivyovunjwa. Vinaungua kwa ukali na kuacha makaa mazuri. Yatoe kwa koleo ndogo, yapange juu ya kifuniko, na bakisha machache chini. Ukoko utapatikana.

Maharagwe na mbaazi zinafaa kumaliziwa kwenye kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu, weka sufi ya msufi au makumbi yaliyochambuliwa, unene wa sentimita 10 chini na pembeni, na mto wa sufi wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yachemke kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria iingie kikapuni na kifuniko chake, ikae kwa muda wa saa tatu. Kule kuchemka kwa nguvu kusirukwe, maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Mpishi huenda zake shambani na moto umezimwa.

Robo saa ya kwanza jiko linaonekana zito, kwa kuwa udongo wenyewe unapata moto. Kwa hiyo vyakula vifuatane: sima ikiipuliwa, mchuzi upande, kisha maji ya kuoga. Kuwasha mara tatu kwa siku kwa chai tu hakuonyeshi faida yake.

Likisumbua

Moshi ukitoka mdomoni, angalia jivu chini ya gae kwanza. Hewa ikizibwa hapo hakuna kingine kitakachosaidia; jivu litolewe kila asubuhi. Pakiwa safi, punguza kuni. Bado? Kwarua masizi ya sufuria na upime mwanya. Moto ukiwa mkali na chakula kinachelewa, mwanya ni mpana, au mpishi anatumia sufuria nyingine. Siribia ukuta kwa ndani mpaka kipimo kirudi. Kingo za mdomo hulika kwa kugongwa na kuni, zisiribwe upya kila mwezi. Upepo wa kusi ukiingia moja kwa moja mdomoni kuni zitaisha upesi na miali itaruka, kwa hiyo mdomo ukae ubavu kwa upepo.

Na paa ni makuti. Kati ya jiko na makuti pawe na mita 2, na kuni zisitundikwe juu ya jiko kukaushwa. Usipitishe bomba la chuma kwenye makuti kwa namna yoyote.

Kulisambaza

Anza na nyumba tano zenye wapishi wanaoheshimiwa kijijini, zenye sufuria za vipimo tofauti. Mwenye nyumba atoe udongo, maji na nguvu kazi, na fundi alipwe ujira wake. Jiko la bure huachwa bure. Fundisheni wawili au watatu kutoka chama cha akina mama cha hapo hapo, wajenge majiko yote wenyewe, nyinyi mkishika utepe tu.

Faida ipimwe mbele ya watu. Pima kuni kwa mizani ya ndoano, mpishi apike sima ya pakiti ya kilo 2 kwenye mafiga, kisha pima kuni zilizobaki. Siku ya pili mpishi yule yule, unga ule ule, kuni za aina ile ile, kwenye jiko jipya. Rudieni mara tatu kila upande. Nambari iandikwe ubaoni kwenye baraza vile ilivyo, hata ikiwa ndogo.

Rudini baada ya juma, mwezi na miezi mitatu. Msivunje mafiga ya mtu. Yaangalieni: yakiwa na jivu jipya, ulizeni yalipikia nini. Ikiwa ni chungu cha matanga au sufuria ya arusi, sawa. Ikiwa ni sima ya jana, jiko lina kasoro na ipo kazi ya kufanya.

Na uchaga. Nyumba nyingi huweka mahindi juu ya jiko ili moshi ufukuze fukusi. Moshi ukipungua, fukusi watakuja, na mwenye nyumba atalaumu jiko, naye atakuwa amesema kweli. Ahamishe mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa kabla jiko halijawashwa mara ya kwanza. Yawe makavu: tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, funga, tikisa vizuri, iache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, yarudishwe juani siku mbili, kisha yapimwe tena.